Siku tano Mto Kilombero: ngogo, sabuni ya mche na sheshe kumi na mmoja

Mama yangu alizaliwa Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero, na kila akisimulia utoto wake lazima pantoni iingie. Pantoni imekwama, pantoni imekata kamba, pantoni inamsubiri mkubwa fulani na gari lake. Na kila mara, watu wakiwa wamekaa juu ya mizigo wakisubiri, wanawaona sheshe, wale swala wa mtoni, wamekuja kunywa maji. Mimi nimevuka mto huo mara sita tangu daraja lifunguliwe 2018, na mara zote sita nilikuwa ndani ya basi, nimelala au natazama simu. Mita 384 basi linazimaliza kabla hujafungua kifuko cha karanga.

Septemba nikachukua likizo, nikamwambia Mama kwamba safari hii sivuki, nakwenda kukaa mtoni. Akacheka. Akasema nimletee samaki mkavu wa kule kule, na nisiende na viatu vyeupe.

Siku ya kwanza, Alhamisi

Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka Mikumi sina la kusimulia, ila jirani yangu alikuwa na kuku wawili chini ya kiti, nao walikuwa watulivu kuliko abiria wote. Hifadhini tuliona twiga na pundamilia, basi zima likahamia dirisha moja, kisha kila mtu akarudi kulala.

Mikumi mjini tukaiacha barabara ya Iringa, tukakata kushoto kwenda Kidatu. Tukavuka Ruaha Mkuu, tukaingia kwenye miwa, na miwa, na miwa tena, huku Udzungwa ikiwa kulia kwetu imejifunga wingu kichwani kama mtu anayeumwa. Mang'ula wakashuka wenye mikoba mikubwa mgongoni, wa kwenda kuona maporomoko ya Sanje. Sisi wa mtoni tukaendelea.

Ifakara ilinipokea kwa joto na baiskeli. Sijui mji mwingine ambako mwenye gari anamwomba njia mwenye baiskeli. Shemeji alinifuata stendi na yake, tukafunga begi langu nyuma kwa mpira, tukatembea. Njiani aliitoa fimbo yangu ya kuvulia kwenye mfuko wake, ile ya kukunja niliyonunua Kariakoo, ina gurudumu la kuzungushia uzi na picha ya samaki anayeruka.

"Shemeji, hii ni ya kuvulia au ya kupigia picha?"

Sikumjibu. Usiku tulikula wali wa Ifakara, ule unaonukia kabla sufuria halijafunuliwa, na kambale wa nazi.

Siku ya pili, Ijumaa

Asubuhi ilikwenda kwenye kibali. Mto ni wa umma, lakini wa umma haina maana ya kwamba kila mtu aingie na alichonacho. Ofisini kwa uvuvi nilimkuta afisa mwenye subira, akanieleza kwa kuchora nyuma ya bahasha. Hapa darajani na vijiji vya jirani unavua kwa leseni. Kokoro hapana, chandarua cha mbu hapana, sumu ndiyo usiitaje kabisa. Kule juu, bonde lililokuwa pori tengefu limepandishwa kuwa Pori la Akiba Kilombero tangu 2023, liko chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na huko huingii bila ruhusa yao. Akachora mstari mnene.

"Ndoano yako ikomee hapa. Ng'ambo ya mstari, unakwenda na macho tu."

Ile bahasha ninayo mpaka leo. Ndiyo ramani bora ya bonde niliyowahi kupewa: Udzungwa upande mmoja, milima ya Mahenge upande wa pili, katikati tambarare kama sinia, na mito inashuka kutoka pande zote kujimwaga ndani ya sinia hilo. Mnyera na Ruhudji zinatoka kusini magharibi, zinaungana, ndiyo Kilombero hiyo. Ramani za zamani ziliuita Ulanga. Masika mto unashindwa kubaki kitandani, unalala bonde zima, samaki wanaingia mashambani kuzaa kwenye nyasi. Kiangazi maji yanarudi mtoni, yanaacha nyuma madimbwi yaliyojaa samaki waliochelewa. Ardhioevu hiyo iliingizwa 2002 kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, kilomita za mraba 7,967. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanapita hapa, kwa hiyo ukiwasha taa Dar siku hizi kwa umeme wa Bwawa la Nyerere, kuna kijiko cha Kilombero ndani yake.

Alasiri tukafika Kivukoni. Jina limebaki, kivuko hakipo. Daraja limekaa juu, pana na safi, malori yanaunguruma kwenda Mahenge na Malinyi, na chini yake wavuvi wanatengeneza nyavu kivulini kana kwamba lilijengwa kwa ajili hiyo.

Ndugu wa mama, mvuvi, Mndamba kwa baba na Mpogoro kwa mama, alikuwa ananisubiri pale.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Ndiyo wewe mtoto wa dada? Mbona umekuja na fimbo ya mganga?"

Shemeji akaangua kicheko, akapanda baiskeli yake, akarudi mjini akiwa na hadithi ya wiki nzima.

Mjomba alinipeleka kwa mtumbwi hadi dago lao, mwendo wa saa moja hivi. Dago ni kambi ya kiangazi. Vibanda vinne vya matete, chanja mbili za kukaushia samaki, moto usiozimwa, na redio iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Maji yakipanda wanaondoka, mwakani wanajenga upya, si lazima pale pale. Mto ndio unaopanga viwanja.

Usiku nilisikia viboko wakicheka. Hakuna neno lingine. Mmoja anaanza, wenzake wanaitikia, kama wazee waliokumbushana jambo la zamani. Nikauliza wako umbali gani. "Si mbali," mjomba akasema, akalala.

Siku ya tatu, Jumamosi

Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa kwa ncha ya kafi kwenye unyayo.

Mtumbwi wa mjomba umechongwa kwa mti mmoja, mwembamba kiasi kwamba nikikaa nagusa kingo zote mbili. Yeye hakai. Anasimama nyuma na upondo, anauchomeka, anausukuma, anauchomoa, na mtumbwi unateleza bila kutikisika. Nilijaribu kusimama mara moja.

"Mjomba, kaa. Mamba hawajaanza kupika."

Kabla ya kila kona alikuwa anagonga ubavu wa mtumbwi, ko, ko, ko. Nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anayepiga mluzi akitembea. Kumbe anabisha hodi. Kiboko aliyesikia hodi anatoa pua juu, ukajua aliko, ukapita upande mwingine. Aliyeshtukizwa ndiye anayeinua mtumbwi. Kona ya tatu tulibisha, zikatoka pua mbili, masikio manne yakapukuta maji. Mjomba akatupitisha ukingoni mwa matete, kimya, hata pumzi nilizishika.

Nyavu zilikuwa zimetegwa jioni mdomoni mwa mkono mdogo wa mto, pale dimbwi linapochuruzika kuingia mto mkubwa. Wavu wa kwanza ulikuja na perege wanane, ndungu wawili wenye vidomo vidogo vya kudonoa majani, na ngogo mmoja. Ngogo nilimwona mdogo, nikataka kusaidia. Nikamshika.

Ngogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mabegani, na akiogopa anaisimamisha ikafunga kama kisu cha kukunja. Tena analia. Kweli analia, sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, mkononi mwako. Mwiba wa bega uliingia chini ya kidole gumba changu. Maumivu yake hayabaki kwenye kidole, yanapanda mpaka kwapa. Mjomba aliukamua mkono wangu mpaka damu ikatoka nyekundu safi, kisha akanionyesha bila haraka. Ngogo akiwa bado ndani ya wavu, unamlaza ubavu juu ya ukingo wa mtumbwi, unachukua kipande cha mti, unaivunja miiba yake kwenye mashina. Tak, tak, tak. Hapo ndipo unamtoa, na kilio kinaisha.

"Ngogo unamsalimia kwa mbali. Humpi mkono."

Mishipi ya kambale ilikuwa mbele kidogo, uzi mmoja mrefu umefungwa kwenye mti, una ndoano kama thelathini, na chubwi za mawe. Nikauliza wanatumia chambo gani. Akafungua mfuko wa rambo, akatoa sabuni. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, imekatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Kambale haoni vizuri kwenye matope, anatafuta kwa harufu na zile sharubu zake, na sabuni inanukia polepole usiku kucha. Minyoo inaliwa na vidagaa kabla kambale hajafika, sabuni hakuna mwingine anayeitaka. Nilicheka mpaka tulipovuta: kambale watano, na mmoja alikuwa mrefu kuliko kafi la mtumbwi bila mpini. Nyumbani Dar tunamlaumu mtu kwa kula sabuni. Huku ni chakula cha wageni.

Saa tatu jua likiwa limekaza, nikasema sasa na mimi nitoe fimbo yangu. Mjomba akafunga mtumbwi kwenye kisiki mahali maji yanapokwenda kasi, akajikunja kulala, kofia usoni. Nikatia kipande cha perege, nikarusha. Kabla sijahesabu kumi uzi ukavutwa kwa nguvu niliyodhani ni mti, kisha ukalegea. Nikavuta. Hakuna ndoano. Uzi umekatwa safi, kama kwa wembe. Nikafunga nyingine, ikawa vile vile.

Kutoka chini ya kofia: "Huyo ni yule wa meno. Uzi kwake ni tambi."

Akanyoosha mkono kwenye kikapu chake, akatoa kipande cha waya wa breki ya baiskeli. Waya huo umesokotwa kwa nyuzi nyembamba za chuma. Akauzongoa, akachukua uzi mmoja wa urefu wa kiganja na nusu, akaufunga kati ya ndoano na mshipi wangu. Mara ya tatu alinasa, akabaki kanasa. Aliruka juu ya maji, mwili wote hewani, mistari myeusi ubavuni na mkia mwekundu, akaanguka, akaruka tena. Nilipomleta mtumbwini alikuwa wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Meno yake hayana habari ya midomo. Kinywa kimefungwa na meno yako nje, ya juu yakipita katikati ya ya chini kama zipu.

Katika mfumo huu wa mito yupo mmoja wa jamii hiyo, tigerfish kwa Kiingereza, ambaye wanasayansi walimpa jina la Tanzania mwaka 1986. Na huko juu, Mnyera na Ruhudji, wako wageni wanaotoka Ulaya na Amerika, wanapanda ndege tatu, wanamvua samaki huyu kwa manyoya ya bandia, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Nikamsimulia mjomba. Akaondoa kofia usoni.

"Wanamrudisha?"

"Wanamrudisha."

"Baada ya nauli yote hiyo?" Akafikiri kidogo. "Basi watakuwa wameshashiba."

Mchana tulipumzika kwenye fungu la mchanga katikati ya mto. Hapo nikaona ndege ambaye nilikuwa namjua kwa picha tu, mweusi juu, mweupe chini, mdomo wa chungwa, na mdomo huo una kasoro unayodhani ni ajali: taya la chini ni refu kuliko la juu. Akaruka chini kabisa, kinywa wazi, taya la chini limezama majini, anakwenda analima mto mfereji mrefu ulionyooka. Akigusa kidagaa, kinywa kinajifunga. Kisha anarudi kulima ule ule mstari. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma. Ndege hao wanataga juu ya mchanga wazi, bila kiota, kwa hiyo mjomba alikuwa ameniambia nitembee nyuma ya nyayo zake. Mayai yana rangi ya mchanga. Nilihesabu mawili, hatua moja tu kutoka mahali nilipotaka kutandika kanga.

Jioni mkono ulikuwa umevimba. Maji ya moto, moto kweli, kwenye bakuli. Uliponywea niliweza kula. Yule wa meno ana miiba mingi, lakini ukimbanika taratibu na kumtia chumvi na ndimu, unasahau.

Siku ya nne, Jumapili

Siku ya kuvuka ule mstari wa bahasha. Fimbo ilibaki dagoni. Askari wa wanyamapori, kijana kutoka Mara ambaye bado anashangaa unyevu wa huku, alitukuta asubuhi na karatasi zetu zikakaguliwa. Tukaacha mtumbwi, tukatembea.

Kwanza ni matete, marefu kuliko mtu, na viota vikuukuu vinaning'inia juu ya maji kama vifuko vya ugoro. Askari akasema ni vya kwera wa Kilombero. Ndege huyo haonekani popote duniani isipokuwa bonde hili, na alipewa jina kitaalamu 1990 tu. Fikiria, watu walikuwa wameshapasua msitu, wamelaza reli ya TAZARA mpaka Zambia na treni zinapita, huyu bado hana jina vitabuni. Wandamba bila shaka walikuwa nalo.

Kisha uwanda ukafunguka. Nyasi fupi, za kijani bado mwezi Septemba, kwa sababu maji yako chini tu. Yangeyange, korongo, furukombe juu ya mti mkavu akipiga ule ukelele wake wa kutupa kichwa nyuma. Nyati kwa mbali. Mavi ya tembo, makavu. Sheshe hakuna.

Tulitembea saa mbili. Nilianza kujiandaa kumdanganya Mama.

Kilichotuita ni mluzi. Mfupi, mkali, ukarudiwa mara tatu au nne, mtu mwenye pumzi chache. Askari akanishika bega, akanielekeza kidole kushoto, karibu kabisa na pale tulipokuwa tumeshatazama. Alikuwa dume, amesimama amepinda shingo kututazama. Rangi ya sheshe si ya swala unayemjua. Ni ya dhahabu iliyochanganywa na tofali, na manyoya yake yametulia kama yamechanwa. Pembe zina mapete, zinakwenda nyuma kisha zinarudi juu. Majike hayana pembe. Yakainuka moja moja kutoka nyasini, nikahesabu, nikarudia: kumi na mmoja pamoja na dume. Hawakukimbia. Walikwenda kama watu wanaohama kivuli, mpaka ukingo wa maji, wakasimama na miguu ya mbele ndani.

Bonde hili liliwahi kukadiriwa kuwa na robo tatu ya sheshe wote waliobaki duniani. Mama anasimulia makundi, si idadi. Nilimuuliza askari wamekwenda wapi, akaonyesha kwa kidevu upande wa nje ya pori: mashamba ya mpunga mpaka macho yanapoishia, na vumbi la ng'ombe. Sikuwa na la kusema. Wali niliousifu Alhamisi usiku haukuota juu ya mwamba. Uliota pale pale wanapolishia sheshe, na ningeukataa ningelala njaa. Wafugaji nao wana watoto. Ila ukisimama ukawatazama hao kumi na mmoja na maji yakiwafika magotini, hesabu hizo hazitulii kichwani.

Usiku dagoni mjomba aliniuliza niliwaona wangapi. Nikamwambia. Akanyamaza, akachochea moto chini ya chanja.

"Mama yako atakuuliza," akasema.

Siku ya tano, Jumatatu

Alfajiri tulirudi Kivukoni. Mjomba alinifungia kwa majani ya mgomba ndungu wanne na kitoga mmoja, wakavu, rangi ya kahawa, wamekaa kwenye moshi siku mbili. Nikaona kikapu hakijajaa, na aibu ya mjini ni kurudi na kikapu nusu, kwa hiyo Ifakara sokoni nikanunua perege wakavu watatu, wakubwa, muuzaji akaapa ni wa mtoni. Fimbo ya Kariakoo nilimwachia mjomba. Uzi wa breki niliuchukua.

Basi halikupita darajani, Dar iko upande huu. Konda alinusa kikapu, akanitoza nauli ya mzigo, akasema samaki wangu wanakaa kiti cha mbele kuliko mimi.

Nyumbani tulifika usiku. Mama alikuwa bado macho. Hakuuliza mkono wangu una nini. Akatandaza gazeti, akawatoa samaki mmoja mmoja, akawanusa karibu na kichwa.

"Uliwaona?"

"Kumi na mmoja."

Aliendelea kunusa. Ndungu wakaenda kulia, kitoga kulia. Alipofika kwenye perege akavunja kipande cha mkia, akatafuna, akakitema kiganjani.

"Hawa watatu ni wa bwawa la kuchimbwa. Umenunua wapi?"